Wanne, Mlango Mmoja

Sombe ya Jumapili ile haikuwa na kasoro machoni. Mawese yalikuwa mekundu, ndagala wa kutosha, pilipili imekaa pembeni ya sahani. Lakini kila aliyepeleka tonge mdomoni alitafuna kidogo, akasita, akamtazama jirani yake. Sisi wakubwa tulivumilia. Mapacha wetu, waliokuwa na miaka 8, hawakuona sababu ya kuvumilia.

"Mama," mmoja akasema, "sombe inanuka pikipiki."

Mke wangu hakumtazama mtoto. Alinitazama mimi.

Nilikuwa na maelezo, na mpaka leo nayaona ni ya haki. Rafiki yangu muuguzi alikuwa ameleta kwangu injini ya Yamaha DT 125 yake, kwa sababu yeye anakaa vyumba viwili na mimi nina uwanja. Rulema mpya, yaani beringi, ilikataa kuingia kwenye karteri, lile ganda la injini. Ukiipiga nyundo unaiua. Dawa yake ni moto: aluminiamu ikipata joto hutanuka kuliko chuma, tundu linapanuka kwa unene wa unywele, na rulema uliyohangaika nayo tangu asubuhi inadondoka yenyewe mahali pake kwa mlio mmoja mdogo, tik. Sasa karteri nzima ipashwe wapi ili joto lienee sawasawa? Mbabula, jiko letu la makaa, ilikuwepo. Mafuta ya injini yalikuwepo. Sufuria ya kutosha ilikuwa moja tu nyumba nzima.

Niliiosha mara tatu, kwa majivu, kwa mchanga, kwa sabuni. Nilichosahau ni ribiti za mishikio. Mafuta yalijificha chini yake kimya, yakangoja sombe ichemke ndipo yatoke.

"Baba Mapasa," mke wangu aliniambia jioni, watoto wamelala. Mapasa ni mapacha kwa Kilingala, na hapa Kisangani ukishawazaa jina lako la zamani linabaki kwenye kitambulisho tu. "Katika uwanja huu vyuma vina kona tatu, kuku wana moja, mimi napita ubavuubavu. Mwezi ukiisha nataka niuone udongo wangu."

Ndivyo tulivyofika kwenye habari ya kupanga depo.

Tulikuwa wanne, na hakuna hata mmoja aliyekuwa fundi. Kulikuwa na muuguzi na Yamaha yake. Kulikuwa na mwalimu wa sekondari, mwenye Vespa ya marehemu baba yake, ambayo aliitaja kwa sauti ya chini kama mtu anayemtaja mzee wa ukoo. Kulikuwa na mfanyabiashara wa mchele, tuliyemwita yaya kwa kuheshimu umri wake, mwenye Land Rover iliyolala chini ya mwembe miaka mingi hata miche ikaota ndani. Na mimi, karani, na Peugeot 404 bashe, ile ya kubebea mizigo nyuma, niliyoachiwa na mjomba. Mtaani walituita wagonjwa. Hatukubisha. Katika mji ambao pikipiki mpya ya Kihindi inawaka kwa kubonyeza kidole, mtu anayemaliza mshahara akitafuta kabureta ya gari lililomzidi umri lazima ana homa ya aina fulani.

Depo ilikuwa Makiso, si mbali na mto: kuta za matofali, sakafu ya saruji, paa la mabati, na mlango mmoja mpana upande wa barabara. Mwenye parseli alitutembeza akituonyesha matundu ya paa kana kwamba ni madirisha. "Haya ni ya Juni 2000," alisema. Ni zile siku 6 ambazo majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji wetu, sisi tukiwa chini ya vitanda. Mwalimu akauliza kama yatazibwa. Mzee akajibu kwamba historia haizibwi. Kisangani iko nusu digrii tu kaskazini mwa ikweta na mvua yake haijui likizo, kwa hiyo historia hiyo ilitutonea vichwani mwaka mzima.

Kodi ilikuwa dola 60 kwa mwezi, na garanti ya miezi 3. Tulizipanga dola 180 mezani. Akazipitisha noti moja moja kwenye mwanga, akarudisha ya 20 iliyochanika kiasi cha ukucha wa mtoto. Wote tuliielewa, huku kwetu dola iliyochanika ni karatasi. Muuguzi akavua kiatu, akatoa nyingine.

Siku ya kuhamia tulibandika sheria 9 ukutani. Ya kwanza ilisema kila mtu atumie kle zake. Kle ni spana, na hiyo sheria iliishi mpaka saa sita mchana, kwa sababu ya kle ya dizi, spana namba 10, ambayo hakuna injini iliyopata kufunguliwa bila yake. Mwaka ule tulinunua 6. Hakuna mwizi aliyeingia. Moja ilikutwa ndani ya tangi la Vespa, na mwalimu aliapa mbele yetu kwamba aliisikia ikigonga siku nyingi, akadhani ni buji.

Sheria nyingine zilihusu esansi, sigara, zamu ya kufagia na mgeni wa kike. Tulizijadili kwa jioni mbili kama wabunge. Hakuna iliyosema nani alale wapi.

Kwa kuwa mimi ndiye niliyefukuzwa nyumbani, 404 iliingia ya kwanza. Niliipeleka mpaka ukuta wa nyuma, pale ambapo paa halikuwa na historia, nikajiona mjanja. Zikafuata Yamaha na Vespa, zikaegeshwa pembeni. Land Rover ilikuja ya mwisho, ikivutwa na lori la mchele, ikasimama mlangoni. Yaya alisema atahitaji wiki mbili.

Katika wiki hizo mbili aliishusha boate ya gia, akakuta meno yameliwa. Kisha akaona, maadamu gari limesimama, afungue na ekseli ya mbele. Akang'oa magurudumu, akalikalisha gari juu ya magogo. Gia ikaagizwa Butembo. Anayejua barabara ya taifa namba 4 hahitaji maelezo: Beni, Komanda, Mambasa, Nia-Nia, Bafwasende, na mvua ikinyesha msituni lori linazama mpaka milangoni na dereva anapika chini yake. "Gia iko njiani," yaya alituambia mwezi wa kwanza. Mwezi wa tano ilikuwa ndiyo salamu yetu.

"Habari za asubuhi?"

"Iko njiani."

Nyumbani mke wangu alikuwa ameuona udongo wake, akapanda mboga ya bilolo kwenye kona mbili. Lakini vyuma vilikuwa vimehama, mikono haikuhama. Shuka la zamani liliondoka likarudi matambara. Miswaki ya mapacha ilipotea kwa zamu, kwa sababu hakuna kitu kinachosafisha kabureta kama mswaki wa mtoto. Yeye alihesabu na kunyamaza, na mimi niliuchukua ukimya huo kuwa ni amani.

Alhamisi moja jioni 404 iliwaka. Tulikuwa tumenunua esansi kwa kadhafi wa kona, hao vijana wanaouza mafuta kwa chupa mezani barabarani, tukaichuja kwa kitambaa kwa kuwa kadhafi mmoja ni mwaminifu na mwingine anaongeza petroli ya taa. Injini ikakohoa, ikatema moshi wa buluu, ikashika. Mwalimu alivua kofia. Yaya alilia kidogo. Niliiacha ingurume nusu saa nzima pale pale ukutani, nikirudi nyuma na kwenda mbele hatua mbili, hatua mbili, kama mtu anayecheza na mke wake kwenye chumba kidogo. Hakuna hata mmoja wetu aliyegeuka kutazama mlango.

Nikaenda nyumbani nimenyooka. Mama mkwe alikuwa anakuja Jumamosi kwa ajili ya komunyo ya kwanza ya mapacha. "Mwambie mama," nilitangaza, "atapokelewa na gari."

"La nani?"

"La mkwe wake."

Mke wangu alinitazama kwa muda, akachukua simu, akamwambia.

Mama ni Mgenia, kutoka upande wa Ubundu. Kati ya huko na hapa mto una maporomoko saba ya Boyoma, na hakuna chombo kinachopita. Ndiyo maana Wabelgiji walitandika reli ya kilomita 125, ikamalizika mwaka 1906, kwa kazi moja tu ya kuuzunguka mto. Mama hakungoja treni. Alipanda pikipiki mpaka Lubunga, na pale angevuka kwa mtumbwi wa mota hadi bichi ya upande wetu, pamoja na bido mbili za mawese za lita 20, kapu la samaki wa kukaushwa, mkungu wa makemba na majogoo watatu. Ulikuwa mzigo wa bashe hasa.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa depo nimevaa shati jeupe. Niliwasha gari. Likashika mara ya kwanza. Nikatia gia, nikatazama mbele, na ndipo nilipoiona Land Rover.

Nilikuwa nimeiona kila siku kwa miezi mitano. Lakini kuna kuona kwa mtu anayeingia na kuona kwa mtu anayetoka.

Muuguzi alikuja na mita. Kati ya Land Rover na ukuta palibaki mita 1 na sentimita 30. Gari langu lilihitaji 1 na 60 na zaidi. Tulipima tena, kwa upole, kama vile nambari zingeona aibu. Kuisukuma ilikuwa haiwezekani, haina magurudumu. Magurudumu yalikuwa nyumbani kwa yaya, na yaya alikuwa kwenye matanga Mangobo, simu amezima kwa heshima ya marehemu. Tulijaribu kuinyanyua watu saba, pamoja na vijana wa mtaa waliokuja kucheka. Gogo moja likateleza, Land Rover ikakaa chini kwa mshindo, na nafasi ikawa mita 1 na 20.

Saa mbili, mwalimu akajitolea. Vespa ilipita mlangoni bila kugusa kitu. Iliondoka na moshi wake mtamu, ikapita barabara mbili, ikafa. Yule kadhafi hakuwa yule mwaminifu.

Saa nne kasoro nilikuwa nakimbia kwa miguu kwenda bichi, shati si jeupe tena, nilipokutana na toleka tatu zikija polepole. Toleka ndizo baiskeli za abiria, jina lake kwa Kilingala ni kusema "tupite", na miaka ya vita, esansi ilipokuwa adimu, ndizo zilizoubeba mji huu mgongoni. Ya kwanza ilibeba mawese. Ya pili ilibeba kapu, makemba na majogoo wamening'inia kichwa chini. Ya tatu ilimbeba mama mkwe, ameketi upande upande kwenye kiti cha sponji, kitambaa cha kichwa hakijasogea hata kidole.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mnaamkaje?" Akatazama nyuma yangu, barabara tupu. Hakuuliza kitu. Nilitembea pembeni ya toleka mpaka nyumbani.

Komunyo ilipita vizuri. Jumatatu aliomba aonyeshwe gari. Nilimpeleka pamoja na mke wangu. Alisimama mlangoni muda mrefu, akaangalia Land Rover iliyokaa chini, ukuta, na 404 kule nyuma inang'aa. Watu wake wanafunga migono mikubwa kwenye miti katikati ya maji yanayokimbia, mdomo wazi, na maji yenyewe ndiyo yanayomzuia samaki asirudi.

"Huu ni mgono," alisema. "Nyinyi mmeingia wenyewe, tena mnaulipia."

Mke wangu aliniomba kalamu. Chini ya sheria zetu 9 akaandika ya 10, kwa herufi kubwa: KISICHOTEMBEA HAKILALI MLANGONI. Kisha akaomba ufunguo. Alisema ni kwa ajili ya kuchunguza tu. Wiki iliyofuata wake wa wenzangu walikuwa na funguo zao, likelemba yao, mchezo wa kuchangiana fedha kwa zamu, ilikuwa inakutana pale Jumatano, na yaya aliambiwa kwamba chuma kisipohamia ukuta wa nyuma kitauzwa kwa kilo. Ilichukua siku moja. Magurudumu yalirudi, Land Rover ilisukumwa kwa mikono, 404 ikatoka mwangani kwa mara ya kwanza. Gia ilifika wiki tatu baadaye. Ilikuwa ya modeli nyingine.

Sufuria niliinunua mpya. Ile ya zamani iko depo, inafanya kazi yake, na hakuna anayeruhusiwa kuipeleka nyumbani.

Mama alikaa mwezi mzima. Siku ya kurudi Ubundu nilitangulia kuamka, nikajaza maji, nikapima mafuta, nikarudi kumwambia kwa adabu yote kwamba gari liko tayari kumfikisha bichi. Alikuwa anafunga kapu lake. Hakuinua kichwa.

"Baba," alisema, "limelala upande gani wa mlango?"