Mchicha Wangu Hauna Hati

Aliyenishika kola ni kijana yule yule niliyempa mkononi, mwisho wa mwezi, ada yangu ya ulinzi shirikishi. Alinikaba kwa ufundi ambao sikujua kama na wenyewe tunaulipia. Mwenzake akanimulika tochi usoni, wa tatu akapuliza filimbi, na kabla sijamaliza kusema "jamani, mimi ndiye mwenye..." nilikuwa nimeshakalishwa kwenye tuta la figiri, mikono kichwani, viatu vimevuliwa. Sijui kwa nini mtuhumiwa wa mboga avuliwe viatu, lakini huvuliwa.

Ilikuwa saa nane usiku, kuamkia Jumapili hii iliyopita. Nilikuwa nimevaa koti jeusi la mvua na boshori, kwa sababu upepo unaoshuka milima ya Uluguru saa hizo hauna adabu. Mkononi nilikuwa na shina la mchicha. Nililing'oa wakati nashikwa. Ndicho kitu kilichokuwa karibu na mkono, na mtu akikabwa gizani lazima ashike kitu. Maelezo haya yote niliyatoa papo hapo, kwa utaratibu. Hayakusaidia.

Nikaomba nipelekwe dirishani kwangu, nikiamini kesi itaishia hapo. Mmoja akagonga kioo kwa heshima zote. "Samahani mama, tumemkamata mtu bustanini, anadai ni mume wako." Kimya. Kisha sauti ya mke wangu, imejaa usingizi na uhakika: "Mume wangu huyu hapa, amelala."

Nilipotoka sikumwamsha, asije akaingiwa na hofu. Mto wangu niliulaza kwa urefu nikaufunika blanketi, ili baridi isipenye upande wake. Sasa yeye kapapasa blanketi, kakuta mto, karidhika. Miaka yote hii ya ndoa, kumbe mto ulikuwa unatosha.

"Mama, hebu chungulia kidogo tu." Akachungulia. Tochi ikapanda kutoka miguu mitupu hadi koti, hadi boshori, ikarudi kwenye mkono. "Huyo simjui," akasema, "na huo mchicha ni wetu." Dirisha likafungwa.

Msafara ukaelekea kwa mwenyekiti wa mtaa. Majirani ambao hawajawahi kuhudhuria hata mkutano mmoja wa maji walitoka wote, wengine na vigoda. Mwenyekiti alinivua boshori mwenyewe, akanitazama, akanisalimia kwa jina, akaniuliza hali ya nyumbani. Nikashusha pumzi. Mapema mno. Alifungua daftari la mtaa akaniambia kwamba kunitambua mimi ni suala moja, na umiliki wa mchicha ni suala lingine. Je, ninao ushahidi kwamba mchicha ule ni wangu?

Fikiria swali hilo saa tisa ya usiku, bila viatu. Ng'ombe ana hereni. Pikipiki ina kadi. Kiwanja kina hati, na wengine wana hati mbili kwa kiwanja kimoja. Mchicha una nini? Nikataja tarehe niliyosia mbegu. Nikataja mbolea. Nikaeleza majani ya upande wa magharibi yalivyotobolewa. Mwenyekiti akaandika "mtuhumiwa anaifahamu bustani vizuri", sentensi ambayo kwa mtu niliyekuwa katika hali yangu si ya kufurahisha hata kidogo.

Aliyeniokoa ni mama jirani. "Mwenyekiti, mwachieni baba wa watu. Bustani ni yake kabisa, mimi shahidi. Kuku wangu wanakula pale kila siku." Umati ukakubali kwa kichwa. Nikaomba ushahidi huo uandikwe wote, neno kwa neno, hasa sehemu ya kuku. Mwenyekiti akasema la kuku si ajenda ya usiku huo. Nikatia saini onyo la kuzurura usiku, nikarudishiwa viatu.

Nilikuwa nimelala kati ya matuta kuvizia wezi kwa sababu dawa yangu ya pilipili ilikuwa imeshindwa, na kushindwa kwake kuna elimu. Unatwanga pilipili kichaa na vitunguu saumu, unaloweka usiku kucha, unachuja, unatia sabuni kidogo ili dawa ing'ang'anie jani, unanyunyiza. Si uchawi. Wakulima wanaopakana na hifadhi huloweka vitambaa kwenye pilipili na oili chafu, wakavitundika kwenye kamba kuzunguka shamba, na tembo mzima, tani kadhaa, akinusa anageuza njia. Siri yake ni kwamba pilipili haiunguzi kitu chochote. Ndani yake kuna kemikali iitwayo kapsaisini, nayo hujipachika kwenye kile kipokezi cha neva ambacho kazi yake ni kupiga kelele mdomo ukiguswa na joto la nyuzi 43 na kuendelea. Kipokezi kinadanganyika, ubongo unapewa taarifa ya moto, unatokwa machozi kwa moto ambao haupo. Mbuzi wa mtaa wa pili alilamba jani moja, akasimama, akatafakari, akaondoka bila kuaga. Nilikaribia kupiga vigelegele.

Halafu wakaja kuku. Wakala. Wakapangusa midomo kwenye jiwe, wakaita wenzao. Kumbe ndege kipokezi hicho wanacho, ila cha kwao hakishughuliki na kapsaisini; kuku anaweza kula pilipili kichaa kama wewe unavyokula karanga. Na mmea una hesabu zake katika hili: mamalia akitafuna tunda husaga mbegu kwa magego, ndege huimeza nzima na kwenda kuiangusha mbali, na mbolea juu. Pilipili ina ukali wa kumfukuza mbuzi na mlango wazi kwa kuku. Mimi nilitumia jasho langu kumwondolea kuku wa jirani wapinzani wote.

Mwizi wa miguu miwili naye ni mamalia. Tatizo ni kwamba yeye hali. Anauza. Walioungua ni wateja, na hilo nililijua siku muuza genge wa kona aliponilalamikia kwamba mchicha wa siku hizi unawasha, sijui wanatia mbolea gani. Nilisimama pale nimeshika fungu la mchicha wangu mwenyewe, natajiwa bei.

Lakini mwizi ninayemheshimu, na namheshimu kwa dhati, ni panya buku. Wageni wa Morogoro wakimwona hudhani ni paka mgonjwa. Anafika kilo moja na ushei, na ukimpima kuanzia pua hadi ncha ya mkia unaweza kupata sentimita 70. Macho yake hafifu. Kazi yote anafanya kwa pua, usiku, na mashavuni ana mifuko ya kubebea mzigo hadi shimoni. Niliwahi kupanda karanga jioni kwa kamba, mstari umenyooka, shimo baada ya shimo. Asubuhi nilikuta mashimo yamefukuliwa yote kwa mpangilio ule ule, na kati ya shimo na shimo ardhi haijaguswa. Hakubahatisha hata mara moja.

Sikushangaa, maana ukoo wake una vyeti. Hapa hapa, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na vimelea vya kifua kikuu kwenye makohozi. Panya hufungwa mkanda, hupitishwa kwenye kamba iliyotandazwa kati ya watu wawili, naye hutembea mstari hadi mstari. Akinusa baruti anakwaruza udongo, kidude kinalia "tik", anapewa ndizi. Vyuma chakavu havimsumbui, na uzito wake hautoshi kulipua bomu. Eneo la uwanja wa tenisi analimaliza kwa nusu saa, wakati mtu mwenye mashine ya kutambua chuma anaweza kuchukua siku nne. Magawa, aliyezaliwa SUA mwaka 2013, alipelekwa Kambodia akanusa mabomu zaidi ya 100, na mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza likamvisha medali ya dhahabu, panya wa kwanza kuipata. Alistaafu 2021, akafariki Januari 2022, akaombolezwa na vyombo vya habari vya dunia. Sasa mtu mwenye ndugu wa namna hiyo, wewe utamfichia karanga? Kwa kina gani?

Ngedere walikuja, wakavaa kofia ya sanamu nililowawekea, wakaondoka nayo.

Konokono nawaachia Mungu.

Watu wananishauri nijenge ukuta. Ushauri huo hutolewa na watu wasiojua bei ya tofali, na bado ukuta hauwazuii wenye mbawa wala wenye mashimo. Senyenge niliweka, iliibiwa kabla ya mboga. Sheria ndogo za halmashauri nyingi za miji zinakataza mifugo kuzurura na zinaweka faini, ila sijawahi kuona mbuzi aliyelipa, wala mwenye mbuzi. Na hapa utani unaniishia. Nilipokatiwa matuta mawili ya chainizi kwa kisu, usiku mmoja, mboga nilizomwagilia kwa maji ya madumu wakati bomba limekauka, nilikwenda ofisi ya mtaa nikaambiwa niandike barua, niambatanishe picha za mboga. Picha zipi? Za nafasi iliyobaki? Nikataja genge, nikataja ule mchicha unaowasha, ushahidi ambao hata wa mahakamani wangeulamba wakathibitisha. Nikaambiwa nisichafue biashara za watu. Barua ipo hadi leo kwenye faili, haijajibiwa. Kunikamata mimi kulichukua muda wa kupuliza filimbi. Walinzi hao hao hukutana alfajiri na mtu mwenye kiroba kinachodondosha majani mabichi, wakamsalimia, kwa sababu mwenye kiroba alfajiri ni mfanyabiashara, na anayelala kwenye matuta yake ni mhalifu. Tunatozwa kila mwezi, risiti tunazo, na anayelindwa sijamjua.

Katika bustani nzima kuna kitu kimoja ambacho hakijaguswa na panya, kuku, ngedere, mbuzi wala binadamu tangu nianze kulima: nyanya chungu. Zimezaa hadi matawi yanainama. Nyumbani kwangu hazili mtu. Anayezitaka aje mchana, abishe hodi, nitamfungia mfuko bure.