Blanketi Liko Kazini

Ukitaka kumtambua mtu anayefuga samaki Njombe, mtazame macho mwezi wa saba. Ni mekundu, na si kwa ulanzi.

Mimi nilianza na akili timamu. Tenki la lita 1,000, perege arobaini, juu yao vitanda vya kokoto vya saladi na chainizi, vyote ndani ya kitalu nyumba cha nailoni nyuma ya jiko. Samaki wanakunya, bakteria wanageuza amonia kuwa naitreti, mboga zinaila, maji yanarudi kwa samaki yakiwa safi. Nilimwambia mke wangu kwamba mfumo huu unajiendesha wenyewe. Hakujibu. Alishanisikia nikisema hivyo kuhusu pikipiki.

Kilichonivua nguo ni kipimajoto. Perege hustawi kwenye maji ya nyuzi 27 hadi 30. Yakishuka chini ya 20 anakula kwa kulazimishwa, karibu na 15 anagoma, yakikaribia 10 anakufa. Sisi huku tuko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na usiku wa kipupwe huteremsha sakitu. Nailoni hukusanya joto mchana kutwa, halafu usiku, anga likiwa halina wingu, hulimwaga kama mlevi aliyepokea mshahara.

Usiku wa kwanza wa baridi kali, saa kumi, maji yalisoma 16. Perege walikuwa wamejilaza chini kama abiria wa basi lililoharibika porini. Nikaingia chumbani kwa kunyata, nikavuta blanketi letu la harusi, lile zito lenye picha ya chui.

"Baba Neema, blanketi liko wapi?"

"Liko kazini."

Alitoka kwenda kuangalia mwenyewe. Akamkuta chui amekumbatia tenki. Siku tatu nilikula chainizi isiyo na chumvi.

Nikanunua hita ya umeme. Ilifanya kazi vizuri sana hadi umeme ulipokatika, yaani usiku wa pili. Nikaingiza jiko la mkaa. Bahati nzuri mzee jirani alikuwa anapita.

"Kamwene."

"Kamwene, baba."

"Unataka kumchoma samaki, au kujiua mwenyewe?"

Ni kweli, mkaa kwenye banda lililofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Nililitoa jiko mbio huku kichwa kikigonga.

Na hayo ni ya usiku tu. Saa saba mchana, banda lilelile linafika nyuzi 41. Saladi zikatoa maua kabla hatujaonja jani, na tulipoonja, zilikuwa chungu kama mwarobaini. Maji yakipata joto hushika oksijeni kidogo, basi perege waliotetemeka alfajiri sasa wakawa juu, midomo wazi, wakihema. Siku moja, dharura mbili za kupingana! Nikakunja nailoni pande zote, nikaenda kwenye kikao cha harusi. Kikao cha harusi hakijawahi kuisha mapema tangu vikao vianze.

Nilirudi saa mbili usiku. Kuku wa jirani walikuwa wamelala juu ya kokoto, wameshiba chainizi yangu. Lakini hapo ndipo nilipofumbuka macho: hewa ilikuwa nyuzi 12, maji bado 23. Kwa uzito uleule, maji hubeba joto mara nne hivi kuliko hewa, na huliachia kwa ubahili. Kumbe muda wote nilikuwa nahangaika na hewa! Nikapanga mapipa sita meusi ya lita 200 ukutani, nikayajaza maji, yafyonze jua mchana yalirudishe usiku. Ndani nikaning'iniza nailoni ya pili ya kushushwa magharibi.

Blanketi likarudi kitandani, likinuka tope.

Jana saa kumi usiku niliamka kwa mazoea, nikakuta nafasi ya mwenzangu ni baridi. Bandani kulikuwa na mwanga wa tochi. Mama Neema alikuwa ameinamia kipimajoto, na tenki limefungwa kitu cheusi chenye vifungo.

"Hilo si koti langu la kanisani?"

"Liko kazini," alisema bila kugeuka. "Shika tochi."