Juu ni Wapi?

Picha ikiwa na vitu vichache, mwenye nyumba anatakiwa awe na maneno mengi. Hilo dukani hawakwambii. Wanakwambia tu kwamba picha za namna hii zinapumzisha macho, na mke wangu, aliyechoshwa na kalenda za miaka iliyopita sebuleni kwetu, alikuwa anatafuta mapumziko.

Akachagua nakala ya Voice of Fire ya Mmarekani Barnett Newman, iliyochorwa upya kwa rangi za akriliki: mstari mwekundu katikati, wa buluu kila upande, basi. Ile yenyewe, ya mwaka 1967, ina kimo cha mita 5.4. Yetu ilipunguzwa, na bado ilisafiri kutoka Kariakoo ikiwa imetoa kichwa nje ya bajaji.

Fundi akaja na drili yake. "Bosi, juu ni wapi?"

"Popote."

Akailaza. Sebule ikapata bendera ya nchi ambayo haijapata uhuru. Tulipomwomba aisimamishe, akauliza tena juu ni wapi, nikamjibu vilevile, akadai hela ya kutoboa ukuta mara ya pili. Nikalipa huku nikijifariji: kule Düsseldorf, Ujerumani, mwaka 2022 ilielezwa kwamba mchoro wa Piet Mondrian ulikuwa umetundikwa kichwa chini kwa miongo kadhaa, tena na wataalamu. Huu wetu, hata ukiupindua, hakuna wa kukucheka.

Aliyebaki ni mama mkwe.

"Baba, hapa mlikuwa mnajaribu rangi kabla ya kupaka ukuta?"

"Hapana, mama. Ni picha."

"Mchoraji alifariki kabla hajamaliza?"

"Alimaliza, mama."

"Na nyie mkalipa."

Nikaona nimweleze mambo ya Kanada. Jumba la taifa la sanaa kule liliinunua ile yenyewe mwaka 1989 kwa dola za Kanada milioni 1.76. Habari zilipowafikia wananchi, nchi nzima ikawaka, na mbunge mmoja akadai kwamba yeye, akipewa makopo ya rangi, angeimaliza kwa dakika kumi. Nilitaraji mama ashangae bei. Akauliza, "Huyo mbunge bado anagombea?"

Kila mgeni akawa na swali lake, na kila swali likawa na mhadhara wangu. Chai ilipoa sana mwezi ule.

Halafu siku moja, wakubwa tukiwa kwenye pilau, mtoto wa jirani akachukua makapeni na kuchora kuku chini ya ule mstari mwekundu. Kuku kamili, mwenye kilemba na miguu mirefu. Dada wa kazi akakimbilia kitambaa na maji. Akriliki ikishakauka haiogopi maji, kwa hiyo picha haikudhurika. Wino wa makapeni nao hauogopi maji. Kuku akabaki.

Tangu hapo mgeni anaingia, anatazama ukutani, anasema "Ah, kuku," anavuta kiti. Hakuna anayeuliza bei wala afya ya mchoraji. Mke wangu bado anatafuta dawa ya kumfuta, mimi namtetea kuku kwa nguvu zangu zote.

Juzi mama mkwe alipiga simu. Ameipenda picha, anataka ya kwake, na pesa anayo. Ila mchoraji aambiwe mapema: ile mistari asiiweke.