Dopla Sebuleni

Nyumbani kwangu kuna mtu hajazaliwa bado na tayari tunamzimia redio. Ikitimu saa mbili usiku, taarifa ya habari ndiyo kwanza inaanza, mama mkwe huinua kidole. Feni inazimwa, televisheni inanyamazishwa, na mimi mwenye nyumba naambiwa niache kutafuna karanga. Mke wangu anajiegemeza kwenye kochi, tumbo nje, na kikao cha kumtafuta kijacho kinafunguliwa rasmi. Hata siku ya Simba na Yanga kikao hakikuahirishwa. Bao nililiona, kelele zake nikazisikia kwa jirani.

Aliyetuletea balaa hili ni dada yangu anayeishi Uingereza. Aliposikia wifi yake ana ujauzito, badala ya kutuma hela kama madada wengine, alituma kiboksi. Ndani mlikuwa na mashine ndogo ya plastiki yenye kioo cha kuonyesha namba, waya uliojiviringa, na kichwa cha kupachika tumboni. Ndiyo dopla ya nyumbani. "Mdogo wangu," alinipigia, "hiyo itawapa amani." Amani yenyewe inatumia betri mbili, na betri hizo zilitolewa kwenye rimoti yangu. Tangu hapo nikitaka kubadili chaneli nanyanyuka kama zamani zile, na nikinyanyuka naulizwa mbona natembea kwa kishindo, mtoto anasikilizwa.

Jeli iliyokuja na mashine iliisha upesi kwa sababu mama mkwe alidhani ni dawa ya kuchua magoti. Maelekezo yanasema lazima pawe na jeli, maana hewa ikibaki kati ya ngozi na kile kichwa, mawimbi ya sauti hayapenyi. Basi ukaanza utafiti. Yakajaribiwa mafuta ya nazi, ukajaribiwa mshubiri uliokatwa uani, yakajaribiwa mafuta ya mgando. Hakuna hata kimoja kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, na vyote vimeacha doa kwenye kochi ambalo bado namalizia deni lake.

Msako wenyewe ungekuwa rahisi kama tumbo la mjamzito lingekuwa na mtu mmoja tu ndani. Lakini humo mna utumbo unaoshughulikia maharage ya mchana, mna mishipa mikubwa ya damu ya mama, mna kondo linalovuma kama upepo, na mtoto naye anageuka. Kondo likikaa upande wa mbele, sauti ya mtoto inafifia zaidi. Sasa mpe mashine hiyo mtu ambaye mafunzo yake yote ni karatasi iliyokunjwa mara sita, yenye maandishi ya kusomwa kwa miwani ya mtu mwingine. Anasogeza kushoto, anasogeza kulia, mashine inakoroma, na wote tunatazamana.

Usiku mmoja kioo kikaandika 84. Mama mkwe akashika kichwa. Moyo wa mtoto tumboni kwa kawaida hupiga mara 110 hadi 160 kwa dakika, na hiyo tulishaikariri nyumba nzima, mpaka binti wa kazi. Vilio vikaanza kujikusanya. Nikapendekeza, kwa adabu ya mkwe, tumpime mama mwenyewe mkononi. Naye alikuwa na 84. Tulikuwa tumekaa muda wote huo tunasikiliza moyo wa mke wangu, ambao ningeweza kuusikia bila betri.

Hapo bado afadhali. Lililonikosesha usingizi ni lile lililofuata. Mtu mzima aliyetulia moyo wake hupiga mara 60 hadi 100, lakini akipata hofu unakimbia. Mke wangu, kwa ule mshtuko wa 84, moyo ukamwenda mbio. Mashine ikarudishwa pale pale, kioo kikaandika 118, na sebule ikalipuka kwa vigelegele: mtoto huyu hapa! Mimi nikabaki nimeshika mkono wa mke wangu, nikihesabu kwa saa ya ukutani, na hesabu yangu ilikuwa inagonga kwenye mia na kumi na kitu. Yaani kadiri mama anavyozidi kuogopa, ndivyo mashine inavyozidi kumwambia mwanao mzima. Nikasema hivyo kwa sauti. Nikaambiwa nina nuksi.

Wataalamu hawakosekani. Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima, huja na kiti chake mwenyewe. Yeye kazi yake ni kutabiri: mapigo yakizidi 140 ni binti, yakipungua ni dume. Mapigo ya mtoto hupanda akicheza na hushuka akilala, kwa hiyo mwanangu huwa binti jioni na dume usiku wa manane. Jinsia haihusiani na namba hizo, lakini kamwambie. Tayari kuna majina mawili, na kila upande umeshaanza kununua nguo.

Kisha akaja kijana fundi simu wa mtaani. Alipoona mashine ina tundu la spika za masikioni, macho yakamwaka. Akaenda kwake, akarudi na waya, akaunganisha dopla na sabufa yangu. Ile sabufa hainaga mchezo. Moyo wa kijacho, ama wa mama yake, ama kondo, Mungu ndiye ajuaye, ukatoka kwa kishindo hadi vioo vya kabati vikatetemeka. Uani watoto wakaanza kurusha mabega. Mpangaji wa chumba cha nyuma akachungulia dirishani kuuliza hiyo singeli mpya ni ya nani. Mama mkwe akajibu kwa fahari, "Ni ya mjukuu wangu." Singeli hukimbia kuliko hapo, lakini siku hizi nani anasikiliza maoni yangu.

Nikaona nimtafute huyo Doppler mwenyewe nijue tumegombania nini. Christian Doppler alikuwa mwanafizikia wa Austria. Mwaka 1842 alieleza jinsi mawimbi yanavyobadilika pale chanzo chake kinapokusogelea au kukukimbia, na alikuwa anazungumzia rangi za nyota. Matumbo ya watu hakuyagusa. Miaka mitatu baadaye Mholanzi aitwaye Buys Ballot akaijaribu kanuni hiyo kwa kupandisha wapiga tarumbeta kwenye treni huku wengine wakisikiliza kando ya reli. Angalau tarumbeta zake zilipita zikaenda. Zangu zimeweka kambi sebuleni.

Kumbe mashine haisikilizi kitu. Inapeleka mawimbi ndani, inapokea yanayorudi, inapima kinachosogea huko, halafu yenyewe inatengeneza sauti ya kutuburudisha. Kinachosogea kinaweza kuwa moyo wa mtoto, kinaweza kuwa damu ya mama. Mashine haijali. Yenyewe inasimulia tu, nasi tunaitikia amina.

Siku ya kliniki nikaibeba kwenye mfuko ili mkunga atufundishe kuitumia. Ni mama wa makamo, mwenye sauti ya kuamuru, ambaye hajawahi kupigiwa kelele na mkwe. Aliitazama, akaiweka kando, akatoa pembe yake. Wenyewe wanaiita fetoskopu: kibomba kifupi kilichopanuka upande mmoja, aina iliyobuniwa na daktari Mfaransa Adolphe Pinard mwaka 1895. Haina betri, haina kioo, haina tundu la sabufa. Kwanza akalipapasa tumbo kwa viganja vyote viwili hadi akajua mgongo wa mtoto umelala wapi. Akaweka pembe hapo, akaegemeza sikio, akaachia mikono. Mkono mmoja akaupeleka kwenye kifundo cha mkono wa mke wangu kuhesabu mapigo ya mama, asije akachanganya mioyo miwili. Macho kwenye saa, dakika nzima. Akaandika namba kwenye kadi. Hakuna aliyezimiwa feni.

Kisha akauliza swali ambalo sebuleni kwangu halijawahi kuulizwa: "Mama, mtoto anacheza?"

Mke wangu akasema anacheza, hasa usiku. Mama mkwe akadakia kwamba akikaribia kutoka atatulia, ndivyo ilivyo. Mkunga akamgeukia kwa heshima zote, "Shikamoo mama. Hapana. Mtoto hatulii kwa sababu anakaribia kuzaliwa. Akipunguza kucheza mnakuja hapa, usiku au mchana. Hamwendi kutafuta sauti kwenye mashine." Mama mkwe akaitikia marahaba na kukohoa. Nilitamani kupiga vigelegele, lakini mimi ni mtu wa watu.

Njiani kurudi sikucheka tena, maana nilishasoma kisa kimoja. Mwaka 2009 madaktari wa Uingereza waliandika katika jarida la BMJ habari za mama aliyehisi mtoto amepunguza kucheza. Akachukua dopla yake ya nyumbani, akasikia mapigo, akatulia. Alipofika hospitali mtoto alikuwa ameshafariki. Alichosikia huenda kilikuwa damu yake mwenyewe. Mwaka 2014 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliwaonya watu wasijipime na mashine hizi majumbani. Mwaka 2017 mbunge Antoinette Sandbach alipeleka muswada katika Bunge la Uingereza akitaka uuzaji wake udhibitiwe. Nchi hiyo hiyo anayoishi dada yangu. Huko bungeni hoja ilishafika, yeye anafunga kiboksi.

Nisieleweke vibaya na watengenezaji. Dopla ina kazi, na kazi yake iko wodini. Mama akiwa kwenye uchungu, Shirika la Afya Duniani linataka mapigo ya mtoto yasikilizwe kila dakika 15 hadi 30, na kila dakika 5 anapofikia kusukuma. Hapo mkunga mwenye wagonjwa wengi anastahili kila msaada. Katika Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, ilifanyiwa utafiti mashine iitwayo Moyo, inayofungwa tumboni kwa mkanda na ambayo inaweza kupima pia mapigo ya mama ili yasichanganywe na ya mtoto. Angalieni tofauti. Waliotengeneza ile walijua kwamba ndani ya mama mjamzito kuna mioyo miwili. Walioandika karatasi yangu walijua nina pochi moja.

Nami nimechoka kuitwa mpinga maendeleo. Kinachotakiwa nyumbani hakiuzwi dukani. Mama wengi huanza kumsikia mtoto akicheza kati ya wiki ya 16 na ya 24, na kadiri siku zinavyokwenda kila mmoja huzijua tabia za wake: huyu mchangamfu asubuhi, yule baada ya kula. Hakuna idadi moja ya mateke kwa watoto wote. Mama akiona tabia imebadilika, ni safari ya hospitali, hata kama bajaji inataka nauli ya usiku. Wangu ana ratiba kamili. Mama yake akilala ubavu, yeye huamka na kunipiga teke la mgongo, akimaliza hupumzika kidogo, kisha hunipiga jingine. Taarifa hiyo naipata kila usiku, bila kuiomba na bila jeli.

Kwa hiyo nimeitisha kikao cha familia na kutangaza kwamba mashine imestaafu. Mke wangu aliunga mkono kabla sijamaliza sentensi. Kumbe naye alichoka siku nyingi, alikuwa anamwogopa mama yake. Mama mkwe ameuliza kama basi anaweza kuipachika kwenye goti, asikie kunani. Jirani amechukua kiti chake na kuondoka kwa hasira, akisema tusimlaumu nguo za binti zikikosa mvaaji. Fundi simu anadai fidia ya waya.

Na jana dada kapiga tena. Amepata soksi ya kumvalisha mtoto mchanga akilala, inapima moyo na hewa ya oksijeni, na inatuma habari kwenye simu hata ukiwa kazini. Anauliza nguo za mtoto tumeshanunua rangi gani, aifananishe. Nimemwambia: dada yangu, shikamoo, Mungu akuzidishie. Tuma pampasi.