Sifa za Muuza Mfumo

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Aliyeutunga msemo huu hakumjua afisa mauzo wa mifumo ya hospitali. Bidhaa anayoitembeza haina dosari hata moja, maana mfumo ambao haujafungwa haujawahi kugoma.

Tumsifu kwanza kwa subira. Saa mbili asubuhi yuko kwenye benchi la mapokezi, suti imekunjamana kwa safari ya usiku, kompyuta mapajani, akimsubiri mganga mfawidhi aliye raundi wodini. Nesi akipita humwuliza, "Kaka, unaumwa nini?" Naye hujibu, "Nina mfumo." Hospitali za halmashauri zina mfumo wa serikali, GoT-HoMIS ya TAMISEMI, kwa hiyo yeye riziki yake iko misheni na kwa watu binafsi, ambako huambiwa arudi wiki ijayo, na kweli hurudi.

Pili, hakuna tabibu anayemfikia. Ndani ya kompyuta yake anaishi mgonjwa wa maonyesho, Juma Majaribio, miaka 34. Juma huandikishwa, humwona daktari, hupimwa malaria, hupewa dawa mseto, hulipiwa na bima na kuruhusiwa, yote kabla chai ya kikao haijapoa. Ameugua Songea, ameugua Moshi, na kote amepona. Hajawahi kusahau kadi nyumbani, wala dawa aliyoandikiwa haijawahi kuisha stoo.

Tatu, anajua kila mtu anaumwa wapi. Kwa mhasibu hutaja madai ya bima ya afya, NHIF: msimbo wa ugonjwa ukikosekana, au saini, dai linakatwa. Mhasibu huguna kwa uchungu. Kwa mfamasia hutaja dawa zinazoyeyuka stoo usiku, mfamasia hukohoa. Kwa mkurugenzi hutaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, huku mafaili ya wagonjwa yamerundikana koridoni, majina juu. Maradhi mbalimbali, dawa moja, na leseni yake hulipiwa kila mwaka.

Muuguzi mkuu peke yake ndiye husumbua. "Mwanangu, mtoto akizaliwa usiku huu hana jina. Humo tunamwandikaje?"

"Swali zuri sana, mama. Hilo lipo kwenye toleo lijalo."

Nne, ni mkarimu wa kazi. Wengine hulalamika kwamba kompyuta zinafuta ajira. Kwake yeye, nesi aliyekuwa akijaza kwa kalamu rejista za MTUHA, zile za takwimu za afya, baada ya mafunzo ya siku mbili, anajaza rejista za MTUHA kisha anaingiza yale yale kwenye mfumo. Kazi imekuwa mbili na mshahara haujaguswa, kwa hiyo hata bajeti imesalimika.

Lakini sifa iliyo kuu kuliko zote hudhihirika siku umeme ukikatika na jenereta ikakosa dizeli. Kaunta buku hutolewa kwenye mtoto wa meza, vumbi hupulizwa, na dirishani hutoka sauti ya upole: "Mfumo uko chini, mama, subiri kidogo." Zamani foleni ikisimama, watu walijua karani kaenda kunywa chai, na walimtaja kwa jina. Faili likipotea, mtu wa masjala aliandika maelezo. Dawa zikipungua, mfamasia aliitwa ofisini. Leo karani, masjala na mfamasia wote ni wasafi. Mfumo haukuhifadhi, mfumo haukusoma, mfumo ulikuwa chini. Na mfumo hauitwi ofisini, haukatwi mshahara, hauna mke wa kuja kuuombea msamaha.

Afisa mauzo mwenyewe ukimtafuta siku hiyo, simu yake inaita bila kupokelewa. Tangu mkataba usainiwe, yuko kwenye benchi jingine, hospitali nyingine. Msimwonee. Ameshawaachia mtumishi anayekubali kila kosa la hospitali nzima bila kunung'unika, na kwa huduma hiyo, leseni ya mwaka ni bei ya kutupa.