Bara Zima Kufikia Ijumaa

Mwanafunzi wetu wa Likoni kaambiwa atafute mada ya insha. Kachagua "Uchukuzi Barani Afrika". Mashallah! Bara zima, kurasa tano, kufikia Ijumaa. Na kila alfajiri yumo ferini, gurudumu la mkokoteni wa madafu likimkanyaga kidole, yeye anawaza reli za Kongo. Karibu na feri hiyo, daraja linaloelea la Liwatoni lilianza kuvusha waendao kwa miguu 2021. Mbona hata hivyo feri iliendelea kufurika? Swali hilo lina mahali, lina mwaka, lina hamali wa kuulizwa. Kasoro yake moja tu: halimtishi mwalimu. Mwanangu, Afrika haikimbii. Anza na kivuko unachokivuka, tena chagua saa moja ya asubuhi.