Jinsi ya Kuilisha Turbo Vumbi la Kinsevere mpaka Ishibe

Turbo haifi kwa bahati mbaya. Huuawa, na kuiua vizuri kunataka mtu mwenye subira, mwenye dola za kuchezea, na mwenye gari la kupendeza lililoundwa kwa ajili ya lami ya Japani. Kama unakaa Lubumbashi na una shughuli upande wa mgodi wa Kinsevere, kilomita kama 30 kaskazini mwa mji, mahitaji mengine yote utapewa bure. Mvua husimama mnamo Aprili au Mei, na hairudi hadi Oktoba inakwisha. Katikati hapo malori ya mgodi yanausaga udongo mwekundu wa Katanga usiku na mchana mpaka unalainika kama unga wa bukari. Mgodi wenyewe una wenyewe: kampuni ya MMG iliuchukua mwaka 2012 ilipoinunua Anvil Mining. Vumbi halina mwenyewe. Kila mpita njia ana haki ya fungu lake.

Tuanze na hesabu ya chakula. Injini ya petroli huchoma kila kilo ya mafuta kwa kilo 14.7 za hewa. Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa zaidi ya asilimia 10, kwa hiyo lita moja ya petroli inahitaji zaidi ya lita 10,000 za hewa. Chukua Subaru Forester ya turbo, kipenzi cha vijana wa mjini. Kwenda Kinsevere na kurudi itakunywa lita saba hivi, nayo itakuwa imevuta puani lita 70,000 za hewa. Hewa yenyewe imevutwa nyuma ya lori.

Na hapo nyuma ya lori utakaa sana, nitakwambia kwa nini. Gari lako limetoka Japani, limeshushwa Dar es Salaam, likapita Tunduma na Zambia nzima, likaingia Kasumbalesa likiwa na usukani wa kulia. Kongo tunaendesha kulia. Maana yake, ukitaka kulipita lori, unayeona mbele ni abiria. Yeye ndiye anayechungulia, anakwambia "pita!", kisha anabadili mawazo. Ukiwa peke yako huna wa kuchungulia, basi unabaki pale pale ndani ya wingu, unakula ulichopewa. Msafiri mmoja alikuwa anashangaa kwa nini turbo za Katanga zinakufa zikiwa changa. Hakuangalia usukani uko upande gani.

Sasa mwathirika mwenyewe. Turbo ni uvumbuzi wa Mswisi, Alfred Büchi, aliyepata hataza yake mwaka 1905: moshi unaotoka unazungusha gurudumu moja, gurudumu hilo linazungusha jingine, na hilo la pili linasukuma hewa kwenye injini kwa nguvu. Gurudumu la hewa ni la alumini, mapanga yake membamba, na linazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Ndani ya vumbi mna chembe za kwazi, jiwe gumu kuliko alumini mara kadhaa. Kwa mwendo huo kila chembe ni msasa. Ncha za mapanga zinaliwa, zinakuwa butu, turbo inaanza kupiga mluzi ambao rafiki zako watausifu. Vumbi lililobaki linashuka kwenye silinda, linakwangua pete za pistoni, linaingia kwenye oili, na oili hiyo hiyo ndiyo inayobeba mhimili wa turbo. Kwa hiyo turbo inakula vumbi mara mbili, mara ya kwanza kwa mdomo, mara ya pili kwa damu. Ukiona moshi wa bluu asubuhi, kazi imefika mahali pazuri.

Lakini yote hayo hayawezekani mradi lile sanduku jeusi la plastiki lililokuja na gari lingali mahali pake. Ndani ya sanduku hilo kuna chujio la karatasi iliyokunjwakunjwa, halina sifa, halina rangi. Wahandisi wa Japani walilifunga kwa vibano na mpira wa pembeni, wakaelekeza mdomo wake kwenye hewa ya baridi. Machujio ya namna hiyo hupimwa kwa kipimo cha kimataifa kiitwacho ISO 5011, na yaliyo mazuri hukamata zaidi ya asilimia 99 ya vumbi la majaribio. Huyo ndiye adui yako. Mtoe.

Badala yake nunua pia ya rangi, yaani chujio la pamba lenye umbo la pia. Mwenye duka atakuelewa kabla hujafungua mdomo.

"Patron, iyi njo ya mashindano kabisa. Motere itapumua muzuri."

"Na mavumbi?"

"Mavumbi itaogopa, patron."

Chagua nyekundu, buluu inaficha uchafu na wewe hutaki kuonekana una la kuficha. Likae wazi pale ndani ya boneti, bila sanduku, karibu na bomba la moshi, livute hewa ya moto. Kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka huipunguzia hewa uzito wake kwa asilimia 3 hivi, kwa hiyo utakuwa umelipa dola ili upate nguvu pungufu. Sauti, hata hivyo, itakuwa tamu. Ukikanyaga mafuta, gari litavuta pumzi hadharani kama linataka kusema jambo, na kuna watu wanaamini kelele hiyo ndiyo nguvu yenyewe. Usiwabishie. Wengine wana vyeo.

Hayo machujio ya pamba hutakiwa kupakwa oili maalumu ili yashike vumbi. Hapa una nafasi mbili za kuharibu, usiache hata moja. Ukipaka kidogo, vumbi linapita. Ukipaka nyingi, oili inarushwa mpaka kwenye sensa ya hewa, pale penye waya mwembamba unaopashwa moto ili kupima hewa inayoingia. Waya ukishapata mafuta na vumbi, unaanza kuidanganya kompyuta ya gari, na kompyuta inaanza kumwaga petroli kwa kubahatisha. Ukiishiwa oili maalumu, kuna fundi atakayekupakia oili ya injini iliyokwisha kutumika. Mpe na maji ya kunywa, anafanya kazi kubwa.

Tufike kwenye soksi ya kike. Subaru nyingi za turbo zina pua juu ya boneti, na wamiliki wengi huamini kwamba injini inapumulia hapo. Mtu anapiga hesabu: pua iko wazi, vumbi linaingia puani, basi niifunike. Anavisha soksi ndefu ya nailoni, anaifunga kwa waya, anaondoka akiwa na amani moyoni. Ukweli ni kwamba pua ile haipeleki hata chembe ya hewa kwenye silinda. Inapeleka upepo juu ya intakula, ile rejeta ndogo inayopoza hewa baada ya turbo kuisukuma. Ukiifunika umeinyima intakula upepo, hewa inaingia injini ikiwa ya moto, na vumbi linaendelea kuingia kwenye njia yake ya siku zote, chini karibu na taa, ambako hukuweka hata leso. Ninaipenda sana mbinu hii. Inachafua soksi nzuri, inachosha injini, na mwenye gari anailipia kwa shukrani.

Kuna pia wavu wa chuma unaofungwa mdomoni mwa turbo. Huu ni wa watu waliosoma kidogo. Unazuia kokoto, unazuia nati iliyosahauliwa na fundi, hata panya ukipenda. Vumbi linaloila injini zaidi ni la chini ya mikroni 20, na unywele wa mtu una unene wa mikroni 70 hivi. Tundu la wavu ule linafika milimita nzima, yaani mikroni 1,000. Chembe zinapita zikiwa zimeshikana mikono. Halafu barabara ya mashimo inautikisa wavu mwezi baada ya mwezi, uzi mmoja unakatika, na kinga inaingia yenyewe kwenye mapanga iliyotumwa kuyalinda.

Ikiwa kwa uoga wako umeng'ang'ania chujio la karatasi, usikate tamaa, bado linaweza kushindwa. Lipulize kwa kompresa ya kujazia matairi, bomba likigusa karatasi kabisa. Upepo ule unaitoboa mikunjo matundu usiyoyaona mpaka uweke taa nyuma yake. Fanya hivyo kila Jumamosi. Watu hawajui kwamba chujio la karatasi lenye vumbi kidogo huchuja vizuri kuliko jipya, kwa sababu vumbi lililotangulia linaziba njia ya linalofuata. Anayelipuliza kila wiki analirudisha utotoni kila wiki. Ukilichoka, lipige kwenye tairi, lipinde ukingo wa mpira, ulirudishe likiwa limekaa upande. Pengo la unene wa kadi ya simu linatosha. Hewa ni mvivu, hupita penye mlango wazi.

Sasa kuna wale wa bomba la snokeli. Hawa ni wagumu kuwapotosha kwa sababu wana hoja. Katika Safari Rally ya Kenya miaka ya 1990, magari ya turbo yalifungwa bomba refu lililopanda kando ya kioo hadi juu ya paa, maana maji ya mito na vumbi la aliye mbele hukaa zaidi chini kuliko juu. Mkenya Ian Duncan alishinda Safari ya mwaka 1994 akiwa na Toyota Celica ya turbo, na hakuna aliyeuliza kama gari lilikuwa linavutia. Kwa hiyo bomba linasaidia, lakini halichuji. Linachukua hewa mahali penye vumbi kidogo zaidi, kuchuja kunabaki kazi ya karatasi. Ili livurugike, nunua lile la urembo, lililogandishwa kwa gundi kwenye bodi na kuishia hapo hapo, bila tundu. Au lile la kweli, ila maungio yake ufunge kwa mpira wa baiskeli.

Uzuri wa umbo umewahi kuwasumbua hata wenye vita. Mwaka 1942 Waingereza walipopeleka ndege zao za Spitfire Malta na Afrika ya Kaskazini, walizifunga chini ya pua chujio kubwa lililoitwa Vokes. Ndege ikaota kidevu, ikapoteza mwendo, marubani wakanung'unika. Mafundi wa Aboukir, Misri, wakabuni dogo zaidi. Walilipunguza. Kulitupa na kuweka pia nyekundu halikuwa jambo la kujadiliwa, na ndege zile zilikuwa zinafukuzwa na watu wenye bunduki.

Sitaki kukuvunja moyo, lakini ukifika karibu na mgodi usiangalie matingatinga wala yale malori makubwa ya kubeba mawe. Yanaharibu mafundisho yote haya. Mashine za namna hiyo zina turbo, zinaishi ndani ya vumbi mchana kutwa, na wenye nazo wana fedha za kununua chochote. Wanaweka nini? Karatasi. Sanduku lililofungwa, chujio la nje na jingine la akiba ndani yake, juu kabisa kifaa kinachozungusha hewa ili vumbi zito litupwe pembeni kabla halijafika kwenye karatasi, na kipimo kidogo kinachogeuka rangi siku chujio likijaa. Kabla ya hapo hawaligusi. Wazo ni la zamani: mwaka 1915, huko Minnesota, Marekani, muuza matrekta Frank Donaldson alianza kutengeneza machujio kwa sababu vumbi la mashamba lilikuwa linaua injini, na kampuni yenye jina lake bado inauza machujio ya mashine za migodi. Hujasikia lori la tani 100 likisifiwa kwa sauti ya chujio lake.

Basi, kwa yule mmoja ambaye amesoma mpaka hapa na anataka turbo yake iishi, nitasema haraka kabla wengine hawajasikia. Rudisha sanduku la kiwandani. Nunua chujio la karatasi ambalo ukingo wake wa mpira ni mzima na mikunjo yake imelingana, na wakati wa kiangazi libadilishe mapema kuliko kitabu cha gari kinavyosema, maana kitabu kiliandikwa kwa barabara nyingine. Nyuma ya lori, rudi nyuma mpaka uone matairi yake. Kisha fungua bomba la hewa kati ya chujio na turbo, ingiza kidole kilichofungwa kitambaa cheupe, futa ndani. Vumbi la Katanga lina wema mmoja, ni jekundu, haliwezi kukana. Kitambaa kikitoka cheupe, funga uende zako. Kikitoka chekundu, tatizo si aina ya chujio uliyonunua, kuna mahali hewa inapita pembeni: ukingo haujakaa, bomba limepasuka chini pasipoonekana, au kibano kimelegea. Kibano kinakazwa kwa bisibisi. Kikaze leo, na wakikuuliza mbona gari lako halipigi mluzi kama la wenzako, waambie lina kazi Kinsevere kesho.